Siku Ufunguo Ulipokwenda Isikizya

Seva yetu ilikuwa na tabia ya kuzimia mchana, ghala likiwa limejaa watu. Nasema kuzimia kwa sababu taa zake ziliendelea kuwaka na feni zikaendelea kuvuma, ila hakuna kilichojibu. Mzani uliacha kutoa nambari. Mhasibu alitoa kichwa dirishani kutangaza kwamba kompyuta yake imeganda tena. Na wafugaji nyuki waliofika na ndoo zao za asali kwa baiskeli, wengine wameianza safari kabla ya alfajiri, walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, wakafungua viazi vyao vya kuchemsha, wakasubiri bila kusema neno. Afadhali wangenitukana.

Mtu wa kompyuta katika chama kile cha ushirika nilikuwa mimi peke yangu. Sikusomea. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka popote, nikawa nashinda kwenye duka la intaneti karibu na stesheni ya Tabora, nampangusia mwenye duka vumbi kwenye mashine zake ili aniache nikae bure. Niliyojifunza nimeyajifunza kwa kusoma maswali ya watu wengine mtandaoni na majibu waliyopewa. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza hata moja. Kiingereza changu kimetokana na taarifa za hitilafu: nilijua kusema kwamba faili halikupatikana kabla sijajua kuagiza chai.

Na mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Mama yangu ni fundi cherehani, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kufumua mishono iliyopinda. Nilifumua hata iliyonyooka. Siku moja alininyang'anya gauni la bibi harusi mkononi, akaniambia nguo ikifumuliwa sana kitambaa kinachoka, hakishiki tena uzi. Nilimsikia, lakini nilidhani anasema habari za vitambaa.

Niieleze seva yenyewe, maana mambo yote yaliyofuata yanatoka humo. Ilikuwa kompyuta moja kubwa iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na ndani yake tulikuwa tumeweka mashine pepe nne, yaani kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji wa kwanza ni mzani, wa pili uhasibu, wa tatu kumbukumbu za wanachama, wa nne barua pepe. Kila mmoja ana chumba chake na mlango wake, lakini kisima uani ni kimoja. Kisima hicho ni diski. Na anayewatekea maji wote ni kipande kidogo cha programu kinachoitwa draiva, ambacho kinaiwezesha seva kuongea na kadi inayoziendesha diski zile. Mpangaji akikosa sukari, nyumba haitikisiki. Mteka maji akianguka kisimani, wote wanakufa kiu kwa pamoja.

Leo naliandika hilo kwa urahisi. Wakati ule sikujua kama aliyeanguka ni mteka maji, au kisima kimekauka, au nyumba yenyewe imepasuka. Nilijua tu kwamba kila ndoo ya asali inayoingia ghalani hupewa nambari inayosema imerinwa msitu gani na kikundi gani, na kwamba mnunuzi wa nje hataki asali isiyo na nambari hiyo. Mzani ukinyamaza, ndoo ya mtu aliyepanda juu ya mti gizani akaumwa na nyuki inamiminwa kwenye pipa la mchanganyiko, inakuwa asali tu, ya popote.

Hayo yalitokea katika msimu mdogo, mwanzoni mwa mvua, na yakaendelea kutokea hata baada ya asali kupungua. Mvua zilipokaribia kukatika, mwenyekiti wa chama akaniita. Ni mama wa makamo kutoka upande wa Urambo, ana mizinga yake mwenyewe msituni, na ana sauti ya chini ambayo hajawahi kuhitaji kuipandisha.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za mama, za nyumbani, za afya. Halafu akasema bodi itakaa kabla ya asali ya msimu mkubwa kuingia. Kama mashine bado inazimia, chumba kitafungwa, kazi itapelekwa kwa kampuni ya Dar es Salaam, na mimi nitashukuriwa kwa utumishi wangu.

"Sikutishi, mwanangu," akasema. "Nakwambia ili usije ukaisikia kwa watu."

Nikasema nimeelewa, mama. Nikatoka nikaenda moja kwa moja chumba cha seva nikaifungua tena.

Maana ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Kila ilipozimia, kitu changu cha kwanza kilikuwa kukimbia na kuiwasha upya kabla mtu hajafika kuiona. Nilikuwa na kasi ya ajabu. Ikishaamka, nilisema "umeme", na hakuna aliyebisha. Tabora ukisema umeme, mazungumzo yamekwisha. Jioni sasa ndipo nilipoanza kutengeneza. Nabadilisha nyaya, nachomoa vibao vya RAM na kuvipangusa, nahamisha mashine pepe, napandisha kila programu kwenye toleo jipya, naondoa vumbi ambalo halipo. Yote kwa mkupuo mmoja. Kesho yake nikiulizwa nimefanya nini, sikuweza kusema ni kipi kati ya hivyo kilisaidia na kipi kiliharibu. Na kwa kuwa sikuwahi kupitisha siku bila kuigusa, kila ilipozimia nilikuwa nimeigusa jana. Nikaamini kabisa kwamba mikono yangu ndiyo ugonjwa.

Nilikuwa nikisoma pia kumbukumbu za seva yenyewe, zile ambazo mashine hujiandikia kila inachofanya. Ziliishia njiani. Sentensi inaanza, inakatika, halafu linafuata giza, halafu mashine inaamka. Niliona hata zenyewe zinanificha.

Ghalani kulikuwa na mtani wangu. Yeye ni Mgogo wa Dodoma, mkaguzi wa ubora wa asali, ananizidi umri kama kaka mkubwa, na tangu siku ya kwanza aliposikia kwamba mimi ni Mnyamwezi hakuniacha nipumue. Utani wa watu wetu ni wa njiani. Babu zetu walipita kwao na mizigo wakienda pwani na kurudi, na Wagogo waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kupita na kwa maji. Mpaka leo mtani anadai hajamaliza kukusanya.

"Hata intaneti yenu," aliniambia siku moja, "inatoka pwani, inapita Ugogo kwanza, ndiyo inafika kwenu imechoka. Mlipaswa kutulipa."

Nikamjibu kwamba Mgogo kuomba hakumshindi, hata waya ukipita atausimamisha.

"Babu zako walibeba pembe za tembo mpaka Bagamoyo," akasema. "Wewe unashindwa na sanduku lililokaa mezani."

Kwa mtu mwingine maneno hayo yangenifanya nisilale. Kwake nilicheka, kwa sababu mtani ndiyo kazi yake, na kumkasirikia mtani ni aibu kuliko aibu yenyewe. Ila alikuwa ameona jambo. Alikuwa akiniona kila saa niko kwenye chumba kile. Niliigeuza skrini ya seva ielekee dirisha la kioo ili niweze kuichungulia nikiwa mezani kwangu, na hata hivyo nilikuwa nainuka kuingia.

"Unaifunuafunua kama chungu cha maharage," akaniambia. "Haitaiva hivyo."

Asubuhi ya siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimeweka ufunguo wa chumba juu ya meza, nimegeuka kumimina chai. Niliporudi, haukuwepo. Mtani alikuwa mlangoni, ameutia mfukoni mwa shati, anavaa kofia ya pikipiki.

"Umetekwa," akasema. "Hongo ni jogoo. Mwekundu. Utaukomboa nikirudi."

Nilimwambia asifanye mchezo na kazi. Akasema si mchezo, ni mila. Wenzetu ghalani walikuwa wanacheka, mmoja akasema jogoo ni rahisi, wenzake waliwahi kudaiwa ng'ombe. Nikacheka nao ili nisionekane nimeudhika. Nilidhani kofia ile ni ya kunitisha tu, na anakwenda nyuma ya ghala kukagua ndoo. Niliposikia pikipiki inaunguruma na kuishia barabarani, nikauliza amekwenda wapi. Isikizya, wakasema, kuangalia ghala jipya la huko. Atarudi alasiri.

Ufunguo wa pili alikuwa nao mwenyekiti, naye alikuwa Urambo. Nilimpigia mtani simu. Haikupatikana. Nikajiambia hakuna neno, ni siku moja tu, na haina kazi kubwa.

Nilikuwa nimesahau kwamba siku hiyo kituo chetu cha kukusanyia asali cha Urambo kilikuwa kinatuma kumbukumbu za wanachama wapya pamoja na picha zao, na mhasibu alikuwa anafunga mwezi. Kabla ya adhuhuri mhasibu akatoa kichwa dirishani.

Niliinuka mbio, nikafika mlangoni, nikakamata kitasa, na mlango ukakataa. Nikausukuma mara ya pili kama kawaida yangu. Nilizunguka kwenye dirisha la kioo. Skrini ilikuwa ya zambarau kutoka juu mpaka chini, maandishi meupe yamejaa.

Nilikwishaiona zambarau ile. Kila safari ilikuwepo nilipoingia, na kila safari kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kuifuta kwa kuwasha upya. Kwangu haikuwa maandishi. Ilikuwa rangi ya aibu, kama doa kwenye nguo nyeupe ya mteja, na doa hulisomi, unalifua.

Sasa haikufutika. Nilifikiria kukata umeme kwenye swichi kubwa ya ukumbini, nikakumbuka kwamba ndani mle kuna betri ya akiba niliyoifunga mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, ili seva isizimwe na mtu yeyote kwa bahati mbaya. Watu wakaanza kuja. Mhasibu alikuja, wapanga ndoo walikuja, hata mama anayetuuzia chai alikuja akasimama nyuma yangu akasema rangi ni nzuri. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, masikio yanawaka, kila mtu anaona kwamba si umeme. Taa zote za jengo zilikuwa zinawaka.

Sikuwa na pa kujificha wala cha kugusa. Kwa hiyo nilisoma.

Nilianza mstari wa juu, kidole kikiwa kwenye kioo. Nyingi zilikuwa nambari ambazo sizijui mpaka leo. Lakini katikati kulikuwa na mistari inayoonyesha nani alimwita nani kabla mashine haijaanguka, mmoja juu ya mwingine, na katika mistari ile neno moja lilijirudia. Nililijua neno lile. Lilikuwa jina la draiva ya kadi ya diski. Mteka maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kumbukumbu za seva zilikuwa zinakatika katikati ya sentensi. Seva hujiandikia kumbukumbu zake kwenye diski, na njia ya kufika kwenye diski ni draiva ile ile. Aliyetakiwa kuandika taarifa ya msiba ndiye marehemu. Haikuwa inanificha chochote. Sehemu pekee iliyobaki ya kusemea ilikuwa skrini, nayo ilisema kila safari, kwa herufi nyeupe, na mimi kila safari niliiziba mdomo kabla haijamaliza.

Na jambo la pili, ambalo lilichelewa kidogo kuniingia. Siku ile sikuwa nimeigusa. Ufunguo ulikuwa Isikizya. Ilizimia yenyewe, mikono yangu ikiwa upande huu wa kioo.

Nikapiga picha kwa simu. Nilipiga picha nyingi kupita kiasi, maana mimi ni mimi.

Mtani alirudi alasiri, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akakuta nimekaa chini ya dirisha nimejikunyata. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia. Alitoa ufunguo mfukoni haraka, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Mtani," akasema, "nimekuharibia."

Nikamwambia hajaharibu kitu, nikamwonyesha picha. Nilimweleza habari ya mteka maji na kisima, nikieleza kwa haraka na bila mpangilio, na nadhani alielewa nusu. Akauliza sasa dawa yake nini. Nikasema sijui. Akauliza kuna watu wanaojua. Nikasema wapo, kuna jukwaa mtandaoni ambapo mafundi wa seva za namna ile wanaulizana, mimi huwa nasoma tu.

"Kwa nini unasoma tu?"

"Nikiuliza nitaonekana mjinga."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nakuita mjinga kila siku," akasema. "Umekufa?"

Nikaupokea ufunguo. Nilifungua chumba, nikaiwasha seva ili mzani uendelee, halafu nikakaa mezani nikaandika swali langu la kwanza. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Niliomba radhi mwanzoni, katikati na mwishoni. Mtani alikuwa amevuta kiti nyuma yangu, hajui Kiingereza kingi, lakini neno la kuomba radhi analijua, akanyoosha kidole kila alipoliona. "Hili nini tena? Umemwibia mtu?" Nikayafuta yote. Swali lililobaki lilikuwa fupi kama agizo la duka: seva yangu ni hii, kadi yangu ni hii, inazimia ikiandika mambo mengi kwa pamoja, picha hii hapa. Nikabonyeza kutuma na nikaifunika simu kifudifudi kama vile ingepiga kelele.

Jibu lilikuwepo kesho yake. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, aliandika mistari michache. Alisema draiva yangu ni mpya kuliko programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, na hazielewani zinapobanwa na kazi nyingi, kwa hiyo nirudishe draiva ya zamani mpaka kadi nayo ipandishwe. Mwisho akaongeza kwamba safari nyingine nitaje matoleo ya programu tangu mwanzo, nisiwachoshe watu. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara nyingi kuliko zote. Nilisubiri initie homa. Jioni nilikuwa bado mzima.

Draiva ile mpya niliiweka mimi. Iliingia katika moja ya jioni zangu za kupandisha kila kitu kwenye toleo jipya, kwa sababu kipya nilikihesabu kuwa ndicho safi. Seva ilikuwa imeshawahi kuzimia kabla ya jioni hiyo, mara chache, kwa kweli kwa sababu ya umeme, na katika kuiponya na kitu kidogo niliitia kitu kikubwa. Nililiwaza hilo njia nzima nikirudi nyumbani. Mama alikuwa anashona, akanipa suruali ya shule nishikilie pindo, nikamsimulia. Akaniuliza nitafumua nini kesho. Nikasema uzi mmoja tu.

Ndivyo nilivyofanya, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa seva ile. Kwanza nilitoa nakala ya kila mpangaji kwenye diski ya nje. Kisha nikaondoa draiva mpya, nikarudisha ya zamani, nikawasha. Niliona waya mmoja umepinda nikauacha umepinda. Niliona programu ya barua pepe inadai kupandishwa nikaiambia ingoje. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nilitoka, nikafunga mlango, nikausukuma mara moja.

Baada ya hapo ilibidi tuibane. Kama dawa ni ya kweli, lazima iponye pale pale ilipokuwa inaua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nataka izimie, kama ni ya kuzimia, mbele yangu na kabla ya asali. Nilimweleza mtani kwamba nahitaji vituo vyote vitume kumbukumbu kwa wakati mmoja, mhasibu afunge mwezi wa majaribio, na nakala zitolewe hapo hapo. Yeye ndiye aliyepiga simu.

"Tumeni vyote," nikamsikia anawaambia watu wa Urambo. "Tumeni hata picha za mbuzi wenu. Mnyamwezi leo anataka mzigo."

Na kweli walituma mbuzi. Picha zilikuwa zinaingia, mbuzi mweupe, mbuzi mwenye pembe moja, mtu amemkumbatia mbuzi, nami nilikuwa nimesimama mbele ya kioo na daftari la kuandikia kile zambarau itakachosema. Nilihesabu kuvuta pumzi. Mhasibu alitoa kichwa dirishani, nikaishika kalamu, akauliza kama bado tunajaribu maana kazi yake imekwisha zamani. Seva ilikuwa inavuma. Skrini ilikuwa nyeusi, na mistari yake ya kawaida, ya kijivu, inayochosha macho. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Tulirudia siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Haikuzimia.

Bodi ilikaa mvua zikiwa zimekatika, ukumbi ukiwa na harufu ya nta. Wajumbe wengi ni wafugaji wenyewe, wengine wametoka mbali, wamekuja na mavazi yao ya Ijumaa. Mwenyekiti alisema shauri la chumba cha mashine, akanitaka nieleze. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu jana yake nilikuwa nimepanga maneno ya kuahidi, nimeyarudia nikioga na nikitembea: haitazimia tena, nawahakikishia. Nikaeleza kisima na mteka maji. Walinisikiliza vizuri. Halafu mjumbe mmoja, mzee mwenye kovu la nyuki kwenye kope, akauliza kile ambacho wote walitaka kuuliza.

"Sasa binti, haitazimia tena?"

Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni. Nilimwangalia mzee yule, nikaona kwamba nikimwambia hivyo, siku ikizimia nitakimbia tena kuiwasha kabla hajaona.

"Sijui, babu," nikasema. "Kilichokuwa kinaizimisha nimekijua, nimekitoa, na tumeibana kwa kazi kubwa kuliko ya msimu. Ikizimia kwa jambo jingine, sitaiwasha kwanza. Nitaiacha muione, nisome imesema nini, niwaambie. Nisipoelewa nitauliza."

Nilisikia mtu anakohoa, nikajua nimekwisha. Mtani alikuwa amekaa nyuma kwa niaba ya ghala.

"Mnyamwezi amekiri hajui," akasema. "Mwenyekiti, hilo liandikwe."

Wakacheka, hata yule mzee, na katika kicheko kile nilipumua. Walijadiliana bila mimi kwa muda. Wengine walitaka mtu mwenye cheti, na sikuwaona wabaya, maana asali ni yao. Nilipoitwa ndani, mwenyekiti alisema chumba kinabaki Tabora na mimi nabaki nacho msimu huu, halafu watatazama. Ila chama kitaingia mkataba na fundi wa Dar es Salaam.

Aliiona sura yangu.

"Si wa kuja kukutoa," akasema kwa sauti yake ya chini. "Ni wa kumuuliza."

Akanipa nambari na kuniambia nipige mwenyewe, leo, wasimpigie wao. Nikatoka nje kwenye baraza ya nyuma, ambako walikuwa wameanza kupanga ndoo tupu kwa ajili ya kesho. Zamani ningepanga kwanza cha kusema, ningekiandika, ningekifuta. Simu ilikuwa imekwisha kuanza kuita kabla sijafika kwenye wazo hilo. Akapokea kijana mwenye sauti ya mtu anayekula. Tukaamkiana. Nikamwambia mimi ni nani na niko wapi.

"Kaka," nikasema, "nina maswali mengi, na mengine ni ya kijinga."

Akameza.

"Anza na hayo," akasema.